Familia ya Ndambuki, Wiki ya Tano

Lukenya,
Jumamosi, 1 Machi 2025

Kwa Mama Musili, Mwenyekiti,
Jumuiya ya Mtakatifu Ana, Muthetheni.

Mama, habari ya huko. Mimi niko salama.

Hii barua nimeandika mara tatu. Ya kwanza ilijaa makosa, ya pili ikanyeshewa. Unajua nilifika darasa la nne peke yake, kwa hivyo soma pole pole na usisomee watu.

Nimepata kazi kwa kwari, Lukenya huku. Tunakata mawe ya kujenga. Ilikuja haraka, ndio maana sikuaga. Mzee Mutuku nilimwambia asubuhi nikiwa tayari kwa geti, na yeye alikuwa ameinama anafunga ng'ombe. Sijui kama alisikia. Mimi naona hakusikia, kwa sababu aliniambia nipite na maziwa ya Mama Nzioka.

Ufunguo ya stoo ya viti za jumuiya iko ndani ya hii karatasi. Viti ni kumi na nne. Ile ya mguu imepasuka niliiweka chini kabisa ndio mtu mnene asiipate. Wilbaro iko na panchari, lakini ukijaza upepo inafika mpaka kwa Mzee Nzioka.

Simu yangu ilianguka kwa maji ya kwari siku ya pili. Anayeleta barua ni Abdiwahid, yule anayenunua mbuzi kwa soko ya Muthetheni. Akizipeleka Athi River anapita hapa kwetu. Hakuuliza barua ni ya nini. Alisema tu, "Mimi ni mtu ya mbuzi, si posta," halafu akaiweka kwa mfuko ya shati.

Maneno ya ubatizo ya Pasaka, mwambie katekista asiningojee. Labda mwaka ingine.

Ni mimi,
Ndambuki wa viti.


Muthetheni,
Alhamisi, 6 Machi 2025

Ndambuki mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristu. Jibu huko uliko, hata kama ni kwa moyo, nakujua.

Barua yako nimesoma pole pole vile ulisema, na sijasomea mtu. Abdiwahid amekaa kwa mlango anakunywa chai, anasema ananipa nusu saa, mbuzi zake ziko kwa jua.

Sasa nisikilize. Wewe umeenda Lukenya kwa sababu ya Wathesaloniki. Usinidanganye, mimi ni mama. Ile siku kwa Mzee Nzioka ulipewa kusoma, ukafika kwa hilo neno ukakwama, na mimi mdomo yangu haiwezi kungoja, nikakusomea. Nikaona vile uliinamisha kichwa. Nilirudi nyumbani nikajiambia, Kamanthe, umemnyang'anya kijana neno lake. Nisamehe. Hilo neno hata mimi lilinisumbua mpaka nikazaa watoto wawili.

Kama si hiyo, sijui ni nini. Hapa hakuna mtu amekugombanisha. Mutuku anauliza uko wapi kila akikamua. Maziwa ya Mama Nzioka yalikaa kwa geti mpaka mbwa akayaona.

Ningekupigia simu kwa ya mtu, lakini wewe na simu! Mwaka jana nilikupigia, nikasema halo, halo, halo, ukanyamaza mpaka pesa ikaisha. Kumbe uko nje ya mlango wangu na wilbaro.

Ufunguo nakurudishia. Si mimi nilikupa, ni jumuiya, siku ile tulisimama tukapiga makofi na wewe ukaangalia viatu. Kitu jumuiya imekupa huirudishi kwa gari ya mbuzi. Ukitaka kuirudisha, simama mbele yetu useme, "Sitaki."

Na wiki ya tano, tarehe tano Aprili, ni zamu yako kutukaribisha kwa sala. Karatasi ya zamu za Kwaresima bado iko kwa mlango wa kanisa. Mzee Bartholomew kama katibu hataki kubadilisha, unajua yeye na karatasi zake.

Ni mimi mama yako,
Mama Musili.


Lukenya,
Jumatatu, 10 Machi 2025

Mama Musili,

Milele na milele. Nimejibu na mdomo, Reuben akasikia akauliza naongea na nani. Reuben ndiye msimamizi wetu hapa.

Mama, si Wathesaloniki. Hiyo nilishukuru, nilikuwa nimechoka na yeye.

Ni hiyo karatasi. Wacha niseme, kwa sababu kwa barua hakuna mtu ananiangalia.

Ile Jumapili Mzee Bartholomew alibandika karatasi ya Kwaresima, mimi nilingoja watu waishe ndio nisome. Wiki ya kwanza, Familia ya Nzioka. Ya pili, Familia ya Muli, hiyo ni yake mwenyewe. Ya tatu, Familia ya Mutuku. Ya nne, Familia ya Mama Musili. Ya tano, Familia ya Ndambuki. Nikashtuka. Nikasema, kumbe kuna Ndambuki mwingine kwa jumuiya, na mimi ndio napeleka viti na sijui kwake.

Nikaanza kumtafuta. Nilitaka kuona kama njia inapita wilbaro.

Wiki nzima, mama. Nilienda kwa mzee moja Ndambuki anakaa upande ya mto. Alinikaribisha vizuri, akaniambia yeye si Mkatoliki, akauliza kama nauza kuku. Nikaenda kwa ingine anachonga vinyago. Huyo alisema kama ni viti za bure nilete.

Jumapili iliyofuata ndio nikauliza Antony, yule anapiga ngoma kwa kwaya. Nikamwambia, "Hii familia ya Ndambuki inakaa upande gani?" Aliniangalia, halafu akaita watu. "Kujeni! Ndambuki anatafuta Ndambuki! Amejipotea!" Watu walicheka mpaka wale wa kwa tangi ya maji wakageuka. Mama Nzioka alicheka akishika ukuta. Hata katekista.

Hapo ndio nikajua ni mimi. Nikajua pia ni mchezo. Familia ni bibi, na watoto, na sufuria kubwa. Mimi niko na kitanda ndani ya stoo ya ndengu ya Mzee Mutuku. Nikaona Mzee Bartholomew ameandika hivyo ndio watu wacheke, na sikujua nimemkosea nini. Yeye hajawahi kunicheka. Ndio maana iliuma.

Jumatatu nikatoka.

Ufunguo wacha nikae nayo kwanza. Lakini ile ingine iko kwa katibu, viti mtatoa.

Ndambuki.


Muthetheni,
Alhamisi, 13 Machi 2025

Ndambuki mwanangu,

Nimecheka. Nakuambia ukweli, kwa sababu hata wewe umesema ukweli. Nilipofika kwa yule wa viti za bure nilikaa chini na muthokoi ukashika sufuria. Halafu nikafika pale umesema iliuma, nikavaa viatu. Nimemtafuta Antony nikamvuta sikio mbele ya kwaya, na ni mtu ana ndevu. Anasema alifikiri ulikuwa unafanya mzaha. Anasema hajawahi kusikia ukifanya mzaha, akafurahi ndio maana akaita watu. Mama Nzioka pia alifikiri hivyo. Alienda nyumbani akimwambia mzee wake, "Leo yule kijana wa viti ameongea!"

Hakuna mtu alikuandika ndio uchekwe. Aliyeandika ni Bartholomew, na Bartholomew hata kwa harusi yake hakucheka, nilikuwa hapo.

Na nikuambie kitu. Katika wote, yeye ndiye anakuuliza zaidi. Kila Jumapili, "Mwenyekiti, yule Mtangwa mwenzangu amerudi?" Unajua vile anapenda mbai yake, huo ukoo wa Atangwa. Akikutana na mtu, kabla ya kusalimia anataka kujua mbai, kama wewe ni Mtangwa kama yeye au wa wengine. Wewe ulipomwambia wewe ni Mtangwa, alikuja kwangu siku hiyo hiyo kunieleza kama mtu ameokota kitu. Kwa hivyo toa hiyo mawazo. Huyo ni ndugu yako wa ukoo.

Lakini kuna neno sitakuficha. Nimeongea na Padre juu ya ubatizo wako. Amesema jina lako bado liko, ila sheria ni moja kwa kila mtu: jumuiya iingie nyumba ya huyo mtu, ikae, isali, ndipo iandike barua ya kumtambua. Bila hiyo barua hatakubatiza Pasaka hii. Nimembembeleza. Amenijibu, "Mama, hata ndugu yangu hakusamehewa hiyo."

Kwa hivyo ni tarehe tano Aprili au ni mwaka ujao. Na mwaka ujao mimi sijui utakuwa wapi. Wewe mtu akikuangalia sana unahama.

Rudi. Stoo ya ndengu inatosha.

Mama Musili.


Lukenya,
Jumatatu, 24 Machi 2025

Mama,

Wiki iliyopita Abdiwahid alisimama akapiga honi, nikamwambia barua haijaiva. Leo nimeandika jua ikiwa bado iko, nimekaa juu ya mawe yenye tulikata asubuhi.

Hiyo barua yako ilinimaliza pale kwa Mtangwa mwenzangu.

Mimi si Mtangwa, mama.

Mimi sijui mbai yangu. Mama yangu alikuwa anauza samaki Kithyoko, wale wa Tana. Alikufa nikiwa sijaota meno ya pili. Baba hakuna mtu aliwahi kuniambia jina. Susu, yule nyanya yangu, alinilea mpaka darasa ya nne, na yeye akaenda. Halafu nikaanza kuchungia watu ng'ombe. Nimekaa kwa nyumba saba. Si watu wabaya. Walinipa chakula ile walikula, na nguo. Lakini Krismasi ikifika, wageni wao wakija, nilikuwa najipeleka kwa ng'ombe kabla ya mtu kuniambia. Nilijifunza kuangalia. Nikiona mama ya nyumba anahesabu vikombe najua saa imefika.

Na huku kwetu kila mzee akikuona anauliza, wewe ni wa mbai gani? Ukisema sijui anakuangalia kama mtu aliiba. Kwa hivyo nilikuwa nasema mbai ya mwenye nyumba. Kwa Waombe nilikuwa Muombe. Kwa Anzauni nilikuwa wa Anzauni. Nilipofika kwa Mzee Mutuku, yeye ni Mtangwa, nikawa Mtangwa. Mzee Bartholomew aliniuliza siku ya kwanza kwa mlango ya kanisa, nikamjibu haraka. Sikujua atafurahi. Alinishika mkono na mikono mbili. Hakuna mtu alikuwa amenishika hivyo. Ningewezaje kurudisha?

Mwaka moja na miezi nne nimekuwa nikila kwake Jumapili kama ndugu. Kiti yake naifuta kwanza. Nilipoona jina yangu imeandikwa Familia, nikafikiri amejua uongo yangu, na hiyo ndio njia yake ya kuniambia. Hiyo ndio kitu ilinitoa huko. Kicheko ya Antony ningevumilia.

Sasa hata kama nikirudi, nitakaribisha watu kwa nyumba ya uongo, halafu nibatizwe na uongo?

Nilimuuliza Abdiwahid nyinyi mnafanyaje mkifika kwa watu hawawajui, kwa sababu yeye ametoka mbali sana, na Machakos mjini kila mtu anamsalimia. Alisema, "Mimi nikifika mji sijui mtu, naenda msikiti, nasimama kwa mstari. Wa kulia hajui baba yangu. Wa kushoto hajui baba yangu. Tukimaliza, moja ananipeleka kula." Halafu akaniambia kitu ingine sikuelewa. Alisema, "Lakini watu wako, kwa nini wanakaa kwa ndoo?" Nikamuuliza ndoo gani. Akasema mbuzi inapiga kelele, akaenda.

Mama, mwambie Mzee Bartholomew. Wewe umwambie, mimi siwezi. Mwambie chai yake yote nakumbuka.

Ufunguo hii hapa. Sasa usirudishe.

Ndambuki.


Muthetheni,
Alhamisi, 27 Machi 2025

Kwa Bw. Ndambuki,
Lukenya.

KUH: FAMILIA YA NDAMBUKI, WIKI YA TANO

Ndugu,

Kwanza, Mwenyekiti amenipa barua yako nisome pale ulipomruhusu. Mahali pengine alifunika na mkono.

Pili, kuhusu mbai. Ulifika Muthetheni mwezi wa Novemba. Siku ya kwanza nilikuuliza mbai ya baba yako, ukanijibu Atangwa. Nikafurahi, ni kweli. Jumapili iliyofuata, tukinywa chai, nikakuuliza mbai ya mama yako. Ukanijibu Atangwa. Mke wangu akaangalia pembeni. Mimi nikaongeza sukari.

Ndugu yangu, watu wa mbai moja hawaoani. Mtoto wa Mtangwa na Mtangwa hayuko hapa Ukambani. Mtu aliyelelewa na wazee wake hawezi kukosea hapo, hata akiwa amelewa. Kwa hivyo tangu chai ya kwanza nilijua kwamba wewe hukuwa na mtu wa kukueleza. Sikutaka kukuuliza tena. Niliona ukiulizwa mara ya tatu utahama.

Niliendelea kukuita Mtangwa mwenzangu kwa sababu hukukataa. Kama nilikuweka kwenye kona, ni kosa langu, na nakuomba radhi kwa maandishi.

Tatu ni karatasi. Mimi nilikuwa karani wa chama cha ushirika miaka ishirini na sita na sijawahi kuandika kitu kwa kucheka. Nilipokuwa nikipanga Kwaresima nilichora laini nne, nikakwama kwako. Nilikuandika kwanza chini ya Mutuku, kwa sababu unalala kwake. Nikafuta. Nikakuandika chini yangu, kwa sababu ya ile chai. Hapo nilikaa sana. Nikaona mtu hawekwi chini ya jina la mwingine kama mbuzi wa kuachiwa mtu. Nikachukua rula nikakuchorea laini yako. Karatasi ilikuwa imeisha nafasi, ndiyo maana yako iko karibu na ukingo. Si dharau. Pima, utaona upana ni sawa na zingine.

Sikujua utaenda kuitafuta hiyo familia kwa watu wa vinyago. Hapo Mwenyekiti alipokuwa akinisimulia ilibidi nitoke nje.

Sasa viti. Umeandika kwamba ufunguo wa pili uko kwa katibu. Ulipotea mwaka wa 2021, nilikuwa sijamwambia mtu. Ulipotuma ufunguo mara ya kwanza, ulifika siku mbili kabla ya ibada ya kwanza. Kabla hajakujibu, Mwenyekiti alituita, akauweka mezani mbele yetu akauliza, "Tufungue?" Mzee Nzioka, ambaye mgongo wake unaujua, ndiye aliyesema, "Mwenye viti hayuko." Tukaurudisha. Wiki tatu sasa tumekaa kwenye ndoo, magunia na debe la mafuta ya taa. Antony amependekeza kufuli ivunjwe. Nimemwambia kufuli haivunjwi wakati mwenye ufunguo yuko hai na anwani yake inajulikana.

Ufunguo umo humu. Abdiwahid analalamika kwamba umesafiri kuliko mbuzi wake.

Tarehe tano Aprili, saa tisa alasiri, tutakuwa mlangoni pa stoo ya ndengu. Mutuku amehamisha magunia sita. Ukija, tutakaa kwenye viti. Usipokuja, tutakaa kwenye ndoo hapo hapo, tusali, turudi. Barua ya jumuiya siwezi kuiandika bila mwenye nyumba. Hilo nakuambia mapema ili usifikiri nitalainika.

Ukija, usiseme wewe ni Mtangwa. Ukinyamaza, mimi sitauliza.

Wako katika Kristo,
Bartholomew Muli,
Katibu.


Lukenya,
Jumapili, 30 Machi 2025

Mzee Bartholomew,

Nimesoma. Nimesoma tena.

Mgongo ya Mzee Nzioka imenisumbua sana. Angekaa na ile kiti ya Mutuku ya kukamulia, iko na mahali pa kuegemea.

Nakuja. Reuben amesema nikienda nafasi yangu anapea mtu. Nimemwambia sawa.

Lakini kuongea sitaongea. Nitapanga viti tu.

Ndambuki.


Machakos mjini,
Alhamisi, 3 Aprili 2025

Ndambuki mwanangu,

Nakuandikia nikiwa kwa benchi ya hospitali. Binti yangu Nzilani ameanza uchungu wa kuzaa mapema, nikaja mbio jana na leso moja. Daktari anasema yuko sawa ila hawezi kuachwa, na mimi siwezi kumwacha.

Kwa hivyo Jumamosi sitakuwa hapo. Nimelia kidogo, nimemaliza. Wiki nne nimekaa kwa debe nikingoja siku moja, na hiyo siku inanipita! Abdiwahid anakaa hapa mjini, nimempata kwa duka lake, atakupitishia hii akikuchukua kesho kwa kwari. Anasema utakaa mbele. Nyuma ni kwa mbuzi.

Najua nini uko nayo kwa kichwa. Unajua mwenye nyumba ndiye anakaribisha watu kwa mdomo wake. Ulikuwa umepanga mimi ndiye nitakusemea, kama Wathesaloniki. Sitakuwa hapo, na naona Mungu amenishika mdomo makusudi.

Mambo matatu tu. Usimpe Mama Nzioka ile kiti ya mguu umepasuka. Usipike, watu watabeba chakula, wewe chemsha maji. Na niandikie vile ilienda, kila kitu, vile wewe huwa unaangalia. Wengine wataniambia "ilikuwa nzuri." Hiyo si habari.

Mama Musili.


Muthetheni, kwa stoo ya ndengu,
Jumapili, 6 Aprili 2025

Kwa Mama Musili,
na kwa Nzilani, na kwa huyo mdogo mwenye tumesikia ni msichana.

Mama, Tumsifu Yesu Kristu. Wameniambia kwa kanisa leo asubuhi mko salama wote. Watu walipiga vigelegele Padre akangoja.

Uliniambia niandike vile naangalia. Kaa vizuri, ni ndefu.

Nilifika Ijumaa. Stoo ilikuwa imefagiliwa. Mzee Mutuku alikuwa ametoa magunia, na mahali yalikuwa kwa ukuta imebaki alama. Alikuwa anakamua, hakugeuka. Alisema, "Maziwa ya Mama Nzioka iko kwa geti." Nikapeleka.

Jumamosi saa saba nilienda kufungua viti. Kufuli ilikataa kidogo, imeota kutu. Nilizifuta zote kumi na nne. Nikajaza wilbaro upepo. Hapo ndio nilifanya makosa, mama. Mimi na hiyo wilbaro tumezoea kufika kwa njia panda tukienda kulia, kwa watu. Nilifika pale nikaenda kulia bila kufikiri, nikatembea mpaka karibu na kwa Mzee Nzioka. Yeye alikuwa kwa uzio amevaa koti ya Jumapili. Akaniuliza, "Unapeleka kwa nani?" Nikasimama. Akasema tena, "Kijana, unapeleka kwa nani?" Nikamwambia, kwangu. Hiyo neno ilitoka kama mtu anakohoa. Akafungua geti akatembea na mimi, ameshika kiti moja.

Ndani ziliingia viti nane. Sita zikakaa nje kwa mlango, kivuli ya mabati inafika hapo. Nilipima kwanza na miguu. Mzee Bartholomew alikaa kwa mlango, nusu ndani nusu nje, na daftari yake. Ile kiti ya mguu imepasuka Antony aliichukua bila mtu kumwambia. Alikaa nayo na nguvu ya miguu yake mpaka mwisho, alikuwa anatoka jasho.

Wakaimba. Halafu ikafika ile saa. Mzee Bartholomew akasoma kwa daftari, "Mwenye nyumba atukaribishe."

Nikasimama.

Mama, nilinyamaza kama ile simu. Nilisikia ng'ombe ikitafuna. Nilimwangalia kila mtu nikingoja moja aniokoe, na hakuna. Mama Nzioka alifunga macho. Mzee Mutuku aliangalia dari yake kama hajawahi kuiona. Mzee Bartholomew alikuwa ameshika kalamu juu ya karatasi na hakuishusha. Halafu nikaona kitu. Hakuna mtu alikuwa anahesabu vikombe. Kwa zile nyumba zote saba hiyo ndio nilikuwa naangalia, na hapa vikombe vilikuwa vyangu, viwili, na vingine walikuwa wamekuja navyo kwa mifuko.

Nikasema, "Karibuni kwa familia ya Ndambuki."

Wakasema, "Asante."

Kwa zile nyumba zingine nimesikia mwenye nyumba anasema, huyu ni bibi yangu, huyu ni mtoto wa kwanza, yule mwingine yuko shule. Nikaona ni mimi nimefika hapo na sina. Nikawaangalia wa ndani, nikaangalia wa nje. Nikasema, "Tuko wote. Ni Mama Musili peke yake hayuko, ameenda kuona mjukuu."

Hakuna mtu alicheka. Mzee Nzioka alisema, "Amina," lakini si ile ya sala. Ilikuwa ile ya mtu ametua mzigo. Antony akaanza wimbo kabla ya saa yake na Mzee Bartholomew hakumgombanisha.

Somo ilikuwa yangu. Hakukuwa na Wathesaloniki. Nilikwama mara mbili, wakangoja.

Baadaye barua ya jumuiya iliandikwa hapo hapo, juu ya goti. Kuna mahali pa jina ya baba. Mzee Bartholomew aliniangalia, mimi nikatikisa kichwa. Akachukua rula akachora laini hapo, safi, hakuandika kitu juu yake. Akasema, "Ikijulikana siku moja, nafasi iko." Pale pa msimamizi wa ubatizo hakuniuliza. Aliandika jina yake, akaweka sahihi, akapuliza wino ikauke, na kalamu ni ya biro.

Kwa mlango akiondoka alisimama. Alinishika mkono na mikono mbili, kama ile siku ya kwanza. Alifungua mdomo, nikajua anataka kuniita vile amezoea. Akafunga. Akasema, "Haya, Ndambuki."

Mimi ndio niliosha vikombe. Mama Nzioka ameacha tano, amesema amesahau. Hajasahau, nilimwona akizipanga.

Njoo mapema kabla ya Pasaka ndio uone alama ya magunia kwa ukuta kabla sijapaka chokaa. Mpe huyo mdogo salamu. Karatasi ya baada ya Pasaka Mzee Bartholomew amesema nichore mimi, anataka kuona kama mkono yangu imenyooka. Nitaacha nafasi kwa chini.

Abdiwahid amepiga honi. Anauliza kama leo kuna ufunguo.

Nimemwambia hakuna. Niko nayo.

Ni mimi,
Familia ya Ndambuki.